Kura tunapiga, ila majina anaandika nani? Nimewaza hadi Ugiriki nikarudi kwenye kikundi chetu

Mla Mihogo

Wakuu salama? Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu asije kunilalamikia mbele ya safari.

Tuna kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tupo 34, mtaa mmoja. Kila mwaka tunafanya uchaguzi na kila mwaka mwenyekiti ni yule yule, katibu yule yule, na wala hakuna anayeiba kura maana vikaratasi vinaingia kwenye sufuria na vinahesabiwa mbele ya macho ya watu. Kinachotokea ni kwamba majina ya wagombea yanaletwa na kamati, na kamati yenyewe ni mwenyekiti, katibu na shemeji wa mwenyekiti. Unafika pale unachagua kati ya mwenyekiti na mzee mmoja ambaye hata vikao haji. Jumapili iliyopita dogo mmoja akasimama akasema hii sio demokrasia, mwenyekiti akamuuliza "kwani hupigi kura?" watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila usiku nikawa najigeuza tu kitandani.

Marehemu bibi yangu alipiga kura 1965. TANU ndo ilikuwa chama pekee bara kwa mujibu wa katiba ya muda iliyopitishwa Julai mwaka ule, kura ikapigwa Septemba. Karibu kila jimbo linapata wagombea wawili, wote TANU, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba ili asiyejua kusoma asipotee. Bibi alichagua jembe. "Jembe ndo ugali, nyumba utajenga ukishashiba", hiyo ndo ilikuwa sababu yake na hakuwa na nyingine, jina la mgombea wala hakulikumbuka. Halafu hakuna kuzunguka na hela yako, chama kinawapeleka wote wawili kwenye mkutano mmoja, mnakaa meza moja, mnaongea Kiswahili tu, ukigusa kabila au dini au rangi ya mtu umevunja masharti. Na wananchi waliangusha vigogo kweli kweli, Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha na akapigwa chini. Waziri wa fedha, fikiria.

Sasa rudi nyuma 1960, vyama vinaruhusiwa, kabla ya uhuru. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 havikuwa na mpinzani, yaani huko watu hawakupiga kura ya mbunge kabisa. Kwa hiyo kwenye vyama vingi bibi hakuwa na wa kumchagua, kwenye chama kimoja akapata wawili na waziri akaanguka. Hiyo ndo hoja Mwalimu alikuwa anaijenga miaka ile, kwamba kama taifa zima lipo chama kimoja, ushindani wa vyama unakuwa kama mechi ya mpira tu, bora ushindani uwe wa watu ndani ya chama.

Mimi nakubali nusu. Nusu nyingine inanikwama kooni, maana yale majina mawili nani aliyaleta? Mkutano wa wilaya unapiga kura ya maoni, halafu Halmashauri Kuu ya Taifa inachagua wawili. Kwa rais hakukuwa hata na wawili, ilikuwa picha na kivuli, ndiyo au hapana. Kamati na shemeji. Au naonea?

Leteni nondo.

Kiti cha Mbele

Nimewahi siti, kahawa ninayo. Tunasubiri wajuzi.

Ngosha Mtulivu

Mkuu huonei, ila umesahau kitu kwenye hiyo 1960. Kile kiti kimoja ambacho TANU haikupata, Mbulu, alishinda Herman Sarwatt akiwa mgombea binafsi. Na hakuwa mpinzani wa TANU kivile, alikuwa mtu ambaye watu wa Mbulu walimtaka na chama kikawa kimemuweka mwingine. Yaani wananchi waliambiwa jina hili hapa, wakasema hapana, jina letu tunalo wenyewe.

Leo huyo Sarwatt hawezi kugombea. Soma katiba ibara ya 39 na 67, lazima uwe mwanachama na upendekezwe na chama. Mchungaji Mtikila alienda mahakamani na hili jambo akashinda Mahakama Kuu Dodoma 1994 kwa Jaji Lugakingira, Bunge likabadili katiba mlango ukafungwa. Akarudi, 2006 akashinda tena Mahakama Kuu. 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013 wakasema haki yake ilivunjwa. Mtu kashinda mara tatu na mlango haujafunguka.

Kwa hiyo ukisema tulitoka chama kimoja tukaenda vyama vingi ni kweli, kamati za kuleta majina zimeongezeka. Ila mwenye kalamu bado ni kamati.

Dogo wa Mbezi

Hahaha "kamati za kuleta majina zimeongezeka", hii naiba.

Mzee Kifimbo

Vijana mnaisema 1965 kama vile mlikuwepo. Mimi nilikuwa mdogo ila nakumbuka ile mikutano, wale wagombea wawili wanakuja na gari moja! Leo mtu anakuja na msafara na msanii.

Mjue kwanza ilitoka wapi. TANU waliamua Januari 1963 kwamba tunakwenda chama kimoja, baada ya mwaka Mwalimu akaunda tume chini ya Mzee Kawawa. Tume ile haikuulizwa kama tuwe na chama kimoja au vingi, iliulizwa chama kimoja kiwe cha namna gani ili demokrasia isife. Hapo ndo ikatoka ile ya wagombea wawili, jembe na nyumba. Kwa hiyo swali kubwa lilishajibiwa kabla ya kuulizwa, nakubaliana na mleta mada hapo. Lakini jibu la swali dogo lilikuwa zuri kuliko ninavyoona nchi nyingi za wakati ule.

Kilichoharibu ni baadaye. 1968 wabunge kadhaa, Kambona akiwemo ambaye mwenyewe alishaondoka nchini, wakafukuzwa chamani, na ukifukuzwa chamani na ubunge umekwenda. Aliyechaguliwa na maelfu ya watu anatolewa na kikao. Na hiyo sheria mpaka leo ipo, sema sasa ni kila chama na kikao chake.

Binti Mkunazini

Nimesoma tokea juu nacheka peke yangu. 1965, 1965, jembe, nyumba. Hivo mnajua huku kwetu Unguja na Pemba hiyo 1965 hakuna alochagua mbunge? Picha na kivuli cha rais wa muungano tuliletewa, lakini wawakilishi wetu bungeni waliteuliwa. Uchaguzi wa kuchagua watu tumekuja kuuona tena 1980 lilipoanza Baraza la Wawakilishi. Miaka kumi na sita baada ya mapinduzi. Bibi yako kachagua jembe, bibi yangu hakuletewa hata kijiko.

Na kabla ya hapo tulichagua mpaka tukachoka, na nnataka mulione hili maana munajadili majina tu, hesabu hamuigusi. Januari 1961 viti 22, vyama vitatu: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wakagawika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Wakaongeza jimbo moja vikawa 23, Juni wakarudia, zikapigwa fujo watu 68 wakafa. Julai 1963 wakarudia tena, viti 31. ASP ikapata kura asilimia 54. Viti? 13. ZNP na ZPPP kwa pamoja 18, wakaunda serikali wao.

Walo wengi kwa kura wakawa wachache kwa viti. Na si lazima mtu aibe chochote, ni ule mfumo wa jimbo tulorithi kwa Muingereza: ukishinda jimbo kwa kura elfu tano au kwa kura tano ni kiti kimoja tu. ASP kura zao zilijazana sehemu moja, wenzao zilitawanyika vizuri. Uhuru Disemba 1963, Januari 12 mapinduzi. Sisemi hesabu pekee ndo ilofanya, yapo mengi na kila nyumba huku ina hadithi yake. Lakini mtu alopata 54 akaambiwa ameshindwa, utamwambia nini kuhusu sanduku la kura?

Mla Mihogo

Dada nimekaa chini. Hiyo 54 kwa viti 13 sikuwahi kuijua na shule tulisoma mapinduzi miaka yote.

Ngosha Mtulivu

Hapo ndo unaona kwamba "wengi wape" sio sentensi rahisi. Wengi wa nini, wa vichwa au wa majimbo?

Lesotho iliwakuta kama hiyo 1998. Chama kimoja kilichukua viti 79 kati ya 80 kwa kura kama asilimia 60. Wale waliobaki, watu wanne katika kila kumi, wakapata kiti kimoja. Maseru ikaungua, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Waliporudi mezani wakaongeza viti 40 vya kufidia, chama kilichopunjwa na majimbo kinajaziwa mpaka viti vifanane na kura zake. 2002 wakapiga kwa mfumo huo. Afrika Kusini wenyewe tangu 1994 wanagawa viti 400 kwa uwiano wa kura, hakuna kupunjwa, ila sasa mbunge wako nani hujui, jina limetoka kwenye orodha ya chama. Mpaka mahakama yao ya katiba ikasema 2020 kwamba mgombea binafsi lazima aruhusiwe, 2024 wakagombea.

Umeona kona hiyo? Ukirekebisha hesabu, kalamu inarudi kwa chama. Ukiachia jimbo, hesabu inaweza kukugeuka.

Msee wa Kariobangi

Wabongo mnaandika sana lakini leo mmeweza. Wacha niwape ya kwetu Kenya. 1988 KANU, chama pekee wakati huo, iliamua watu wapange foleni, mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake au mtu ameshika picha yake. Hakuna karatasi. Na ukipata zaidi ya 70% kwa hiyo foleni umepita bila kupingwa, hakuna haja ya kura ya siri. Baba yangu alikuwa mwalimu, headi wake alikuwa ameshika picha ya mgombea. Sasa wewe mwalimu utapanga wapi? Alipanga kwa headi.

Na hata hivyo kuna mahali foleni fupi ilitangazwa ndefu! Mchana, jua linawaka, watu wanajiona wenyewe. Ile kitu iliuma watu kuliko hata kuibiwa kwa karatasi, nafikiri ndio maana moto wa vyama vingi ulishika haraka, Disemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kile kilifanya KANU chama pekee, kikatolewa.

Mgombea binafsi tunaye, katiba ya 2010 ibara ya 85. Lakini msidhani ni dawa. Wengi wao ni watu walipoteza tikiti ya chama wiki iliyopita, wakishinda wanarudi kukaa na chama hicho hicho. Inasaidia hivi tu, chama kinajua kikinyima mtu anayependwa tikiti atakuja na njia nyingine. Hiyo woga kidogo ni ya maana.

Abooki

Kupanga mstari Uganda tunapanga hadi leo kwa uchaguzi wa kijiji, LC1, 2018 tulipanga. Zile kamati zilianza na RC, mabaraza ya NRM iliposhika serikali 1986, kijiji kinachagua watu tisa, wale wanachagua wa juu yao hadi wilayani, na hakuna vyama, unagombea kama mtu. Waliita mfumo wa vuguvugu. Kura ya maoni 2000 watu wakasema uendelee, kama asilimia 90. 2005 wakaulizwa tena turudishe vyama, asilimia 90 na kitu wakasema ndiyo. Watu wale wale, miaka mitano. Mimi nilijifunza kwamba aliyeandika swali ndiye anajua jibu.

Lakini ngazi ya kijiji wakati ule ilikuwa kitu kizuri. Ugomvi wa mbuzi uliisha pale pale.

Mzee Kifimbo

Na sisi tuliulizwa. Tume ya Jaji Nyalali 1991, wakazunguka nchi nzima. Karibu watu 80 katika 100 wakasema tubaki na chama kimoja, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi, Julai 1992 tukaanza. Mwalimu mwenyewe alishasema tangu 1990 kwamba chama kimoja sio msahafu.

Sasa nyie wataalamu wa demokrasia niambieni. Wengi walisema A, wakapewa B. Ni demokrasia hiyo?

Dogo wa Mbezi

Sio. Wengi wape.

Binti Mkunazini

Dogo, wale ishirini katika mia walikuwa wanaomba ruhusa ya kukusanyika na kuwa na chama chao. Hawakuomba wale thamanini walazimishwe kuhama cha kwao. Mie nikisema nataka kula wali, wewe unapenda ugali, tupige kura kama nile wali? Kuna mambo hayaendi kwenye kura. Na huku kwetu tulipochoka kabisa 2010 tulipiga kura ya maoni, kama asilimia 66 wakataka serikali ya umoja wa kitaifa, alokuwa wa pili naye anaingia serikalini. Matatizo hayakwisha, mwayajua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba aloshindwa naye ni mtu.

Mla Mihogo

Mzee Kifimbo umeua na swali. Mimi nipo na dada.

Fundi Saa wa Kariakoo

Mleta mada umetaja Ugiriki kwenye kichwa halafu hujaifikia, naona wamekubeba juu juu. Ngoja nikusaidie.

Mnacheza mchezo wa kupeana hela mtaani? Nani anaanza kupokea mnaamuaje? Hampigi kura. Mnaandika namba kwenye vikaratasi, mnakunja, mnatikisa, kila mtu anachomoa. Kwa nini? Kwa sababu mkipiga kura atapokea kwanza mwenye mdomo na ndugu wengi. Hilo tu. Waathene walielewa hilo jambo miaka 2,500 iliyopita wakaendeshea serikali.

Baada ya mageuzi ya Cleisthenes mwaka 508 kabla ya Kristo wananchi waligawanywa makabila kumi, sio ya damu, ya kupangwa kwa makusudi, kila kabila lina watu wa mjini, wa pwani na wa bara ili ukoo mmoja usishike eneo. Baraza la watu 500, hamsini kila kabila, wanachomolewa kwa bahati, mwaka mmoja, na maisha yako yote hukai zaidi ya mara mbili. Baraza linaandaa ajenda, halafu mkutano wa wananchi wote pale kilimani Pnyx unaamua, mambo mengine yalihitaji watu 6,000 wawepo. Mahakama hivyo hivyo. Walikuwa na jiwe limechongwa mistari ya vitundu, kila mtu anachomeka kibati chenye jina lake, pembeni kuna bomba la vigololi vyeupe na vyeusi, kigololi kikitoka cheupe mstari mzima unaingia kuhukumu siku hiyo, cheusi mnarudi nyumbani. Utamhonga nani wakati asubuhi hakuna anayejua nani atakaa?

Aristotle aliandika wazi kwamba kuchagua kwa bahati kunahesabiwa ni demokrasia, na kuchagua kwa kura ni utawala wa wachache. Maana kura inapenda anayejulikana. Hatuzungumzii mtu mbaya, tunazungumzia mtu ambaye jina lake limeshasikika.

Ila hawakuwa wajinga. Majenerali kumi walichaguliwa kwa kura, na wanaweza kurudia mwaka hadi mwaka, maana vita hutaki aliyechomolewa kwenye kofia. Na aliyechomolewa anahojiwa kabla ya kuanza, na akimaliza anakaguliwa hesabu. Wote.

Kiti cha Mbele

Na wanawake? Na watumwa? Msitupambie.

Fundi Saa wa Kariakoo

Hawakuwemo. Wanawake hapana, watumwa hapana, wageni hata wakikaa vizazi viwili hapana, na sheria ya Pericles ya 451 ikataka baba na mama wote wawe wa Athens. Waliokuwemo ni sehemu ndogo tu ya watu wote wa mji. Na mahakama ya wananchi kama 500 wa kuchomolewa ndo ilimhukumu Socrates kifo mwaka 399 kabla ya Kristo. Sijapamba. Nasema ndani ya ule uzio wao walijiuliza swali la mleta mada, majina yanatoka wapi, wakajibu: kwenye jiwe.

Wamarekani 1787 walikwepa hiyo njia. Neno demokrasia halimo kwenye katiba yao, lisome lote hulikuti. Walitaka uwakilishi uchuje, maseneta wakawa wanachaguliwa na mabunge ya majimbo mpaka 1913 ndo wananchi wakapewa. Chujio juu ya chujio. Sisi wengi tumerithi chujio tukaliita demokrasia.

Ngosha Mtulivu

Ireland wamerudisha kidogo ile ya kuchomoa, 2016 walikusanya wananchi 99 kwa bahati pamoja na mwenyekiti jaji, wakajadili mambo mazito ya katiba wikiendi kwa wikiendi, wakatoa mapendekezo. Hawakuamua wao, kura ya maoni ya nchi nzima ndo iliamua.

Msee wa Kariobangi

Hiyo kwetu wangehonga hata kofia.

Abooki

Hahaha.

Mla Mihogo

MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa, mvua na mgonjwa nyumbani.

Jumapili tulikaa. Nilichapisha maneno ya Fundi Saa kwenye karatasi, nikasoma ile sehemu ya mchezo tu, Ugiriki sikuitaja, wangenizomea. Kina mama walielewa kabla sijamaliza. Mwenyekiti akasema mhazini huwezi kumpata kwa kuchomoa, atakuja asiyejua kutoa na kujumlisha, na kwa hilo yuko sahihi, ndo ile ya majenerali. Tukakubaliana hivi: viongozi kwa kura, ila jina linatajwa pale pale ukumbini, likiungwa mkono na watu watatu limeingia, kamati haina kazi tena. Wakaguzi watatu wa daftari, kwa kikaratasi.

Tulikuwa 31. Mwenyekiti kashinda, 17 kwa 14, dhidi ya yule dogo. Sio mbaya, alikuwa anashinda 30 kwa 4. Alishinda kihalali na mimi nilimpigia, msinitukane, anajua kufuatilia wadaiwa.

Kikaratasi cha kwanza cha ukaguzi akachomoa mama mmoja anauza vitumbua, sijawahi kumsikia akiongea kwenye kikao tangu 2016. Akakataa, anasema hesabu zake zipo kichwani, za kwenye daftari haziwezi. Wakambembeleza, akakubali kwa sharti mjukuu wake wa kidato cha tatu akae naye amsomee, yeye ataziweka kichwani. Wa pili shemeji wa mwenyekiti, bahati nayo ina mambo. Wa tatu mimi.

Tunaanza Jumamosi. Jana huyo mama kampigia katibu simu mwenyewe kaomba daftari zote tangu mwanzo. Katibu anasema la 2019 halionekani.